Tumeweka laki moja kushikia nyumba, na sasa silali

Kwako mshauri,

Mimi ni mama wa watoto wawili, nina miaka 38. Tumepanga nyumba Donholm na mume wangu, kodi ni shilingi 35,000 kwa mwezi. Mimi ni mhasibu katika kampuni moja Industrial Area, yeye ni mwalimu wa sekondari. Makato yote yakishatoka, napokea 95,000 na yeye 60,000. Deni letu ni moja tu, mkopo mdogo wa karo tuliochukua kwenye sako, na unaisha Desemba.

Tumejinyima miaka mingi hadi tukafikisha akiba ya shilingi 1,950,000. Mwezi jana mume wangu akapata habari za nyumba za ghorofa zinazouzwa Kasarani, si mbali na barabara ya Thika. Vyumba vitatu vya kulala, roshani ya kuanikia nguo, lifti, kisima, pa kuegesha gari. Bei milioni 7.5. Tulienda Jumapili baada ya kanisa, watoto wakakimbilia vyumbani kugawana nani atalala wapi, na kabla hatujaondoka tukawa tumelipa laki moja ya kushikia nyumba.

Sasa tumetumiwa mkataba wa mauzo. Tunatakiwa tutie sahihi na kulipa asilimia 10 ndani ya wiki mbili, asilimia 10 nyingine wakikamilisha sehemu ya pili ya jengo, ambamo nyumba yetu imo, na milioni 6 zilizobaki tutakopeshwa na benki kwa miaka 15. Benki imetuambia riba ni asilimia 14, "lakini inaweza kubadilika". Ajenti anasema tusijisumbue kutafuta wakili, kwamba wakili wa kampuni atatushughulikia sisi pia na tutaokoa pesa.

Tangu mkataba ufike, saa tisa za usiku mimi niko macho nimeshika simu, napiga hesabu.

Jumamosi moja jioni nilishuka matatu pale peke yangu, nikasimama ng'ambo ya barabara kulitazama jengo giza likiingia. Sehemu ya kwanza ilikamilika mwaka jana, na ajenti alituambia karibu nyumba zote zimeuzwa. Madirisha yenye taa hayakufika robo. Nikamsalimia askari wa lango, mzee mpole, tukazungumza. Aliniambia kisima kinatoa maji ya chumvi, kwa hiyo ya kunywa na kupikia huletwa na boza, na wakazi hugombana kila mara nani alipie. Mume wangu sijamwambia.

Nimeusoma mkataba wote. Tukichelewa kulipa tunatozwa riba. Sikuona mahali panaposema itakuwaje wakichelewa wao.

Mwenzangu kazini anasema ghorofa zimezidi Nairobi, bei itaanguka, tungoje uchaguzi wa 2027 upite. Kazini kwenyewe wameanza kupunguza watu. Idara iliyo karibu na yetu imeachisha wanne. Mama mkwe anasema kununua ghorofa ni kununua hewa, heri ploti Kamulu tujenge polepole kama walivyojenga wao. Mume wangu naye anasema kodi ni kumjengea mtu mwingine, na kwamba maji tukishayavulia nguo hatuna budi kuyaoga. Ameshawatangazia watu wa jumuiya kanisani, wakatupigia makofi. Nikisema nina shaka ananitazama kama ninayemvunja moyo. Ajenti anapiga simu kila siku: bei inapanda mwisho wa mwezi, kuna mteja mwingine anaitaka nyumba hiyo hiyo.

Naomba uniambie. Hofu hii humpata kila anayenunua nyumba, au moyo unanionya? Tukijiondoa, laki moja imeenda. Tukiendelea, naogopa vyote vitaenda.

Nisiyelala, Donholm

*

Dada yangu wa Donholm,

Usitie sahihi wiki hii. Hata wiki mbili walizokupa zikiisha, usitie, mpaka mambo kadhaa nitakayoyataja hapa yawe na majibu. Nimeanza na hilo ili usisome barua nzima ukiwa umeshika roho mkononi.

Umeuliza kama hofu yako ni ya kawaida au ni onyo. Nimeisoma barua yako nikaona hofu si moja. Kuna ya bei, kuna ya mshahara, kuna ya karatasi, na kuna ya mume. Saa tisa za usiku zote huja kwa sauti moja, ndiyo maana hupati pa kushika.

Ya bei niimalize upesi, maana haina jibu. Mwenzako kazini hajui kama bei itaanguka, na ajenti hajui kama itapanda. Angejua angekuwa ananunua, hangekuwa anauza. Ni kweli kwamba uchaguzi ukikaribia watu wengi mjini hushika pesa zao, na muuzaji mwenye shida huwa mwepesi kupunguza. Lakini nyinyi mnatafuta pa kuishi. Bei ikishuka mwaka 2028 mkiwa ndani mnapika chapati, haiwagusi. Inamuumiza yule anayelazimika kuuza mwaka huo. Kwa hiyo badala ya kukesha ukijiuliza soko litakwenda wapi, jiulize ni kitu gani kinaweza kuwalazimisha kuuza. Hapo ndipo hofu zako nyingine zina maana, na hizo tunaweza kuzipima.

Wewe ni mhasibu, nisikufundishe kazi yako. Hata hivyo acha tuiandike hii hesabu mchana, maana ya usiku huwa na mizimu. Milioni 6, miaka 15, riba ya asilimia 14: mtalipa takriban shilingi 79,900 kila mwezi. Katika malipo ya mwezi wa kwanza, 70,000 ni riba. Deni lenyewe linapungua kwa 9,900. Mkimaliza mwaka mzima bila kukosa hata mwezi mmoja, mtakuwa mmelipa kama 959,000, na deni litakuwa limepungua kwa 127,000 hivi. Mume wako akisema tena kwamba kodi inamjengea mtu mwingine, mwulize kwa upole: na hiyo 70,000 inamjengea nani?

Mimi huo msemo wa kumjengea landilodi umenichosha. Umewaingiza watu wengi kwenye mikopo wasiyoiweza. Nenda ukaulize nyumba kama hiyo inakodishwa kwa shilingi ngapi pale pale. Tuseme ni 40,000. Hiyo ni 480,000 kwa mwaka, na riba yenu ya mwaka wa kwanza peke yake inapita 830,000. Kwa hesabu tupu, kupanga ni nafuu. Wanaonunua hununua kwa sababu nyingine, nazo ni sababu za kweli: hakuna wa kukupa notisi, watoto hawahamishwi shule, na ukistaafu huna kodi ya kutafuta. Kama hizo ndizo sababu zenu, vizuri. Basi mjue mnazilipia, na mjue ni kiasi gani.

Halafu lile neno la benki, "inaweza kubadilika". Mwanzoni mwa 2022 kiwango cha riba cha Benki Kuu kilikuwa asilimia 7. Kufikia Februari 2024 kilikuwa asilimia 13. Agosti 2024 kilianza kushushwa, na hilo ni jema kwenu, lakini miaka 15 ni mingi, kutakuwa na chaguzi tatu ndani yake na mambo mengine ambayo hayana hata jina bado. Riba yenu ikifika asilimia 17, malipo yanakuwa kama 92,300. Toa hizo kwenye 155,000 zenu. Toa na ada ya huduma ya jengo, ambayo hukuitaja, nahisi kwa sababu hamkuambiwa. Kinachobaki ndicho cha chakula, karo, nauli, stima na wazazi.

Sasa tazama kitu kimoja ambacho barua yako imekipita. Asilimia 20 ya bei ni milioni 1.5. Mna 1,950,000, na nadhani ile laki moja imo humo humo (hakikisheni mkataba unasema ni sehemu ya bei). Zinabaki 450,000. Ushuru wa stempu mjini ni asilimia 4 ya thamani ya nyumba, yaani 300,000 kama serikali itakubali thamani ni hiyo mliyouziwa. Zinabaki 150,000, na kwenye hizo kuna wakili wenu, wakili wa benki ambaye pia mnamlipa nyinyi, mthamini, ada za mkopo, bima, lori la kuhamia na mapazia. Hazitatosha. Mtakopa tena sako kumalizia, na mtaingia kwenye nyumba ya milioni 7.5 bila shilingi ya kununua dawa ya malaria. Kisha wewe uko kwenye kampuni inayopunguza watu.

Hii ndiyo hofu yako iliyo na miguu. Mshahara wako ukikatika, 60,000 za mwalimu haziwezi kulipa 79,900. Benki itavumilia kidogo, halafu zitakuja barua, na huko ndiko kulazimika kuuza ninakokusema. Mimi singenunua chochote kabla ya kuwa na malipo ya miezi sita pembeni, pesa ambayo haiguswi hata kwa harusi ya ndugu. Kwa mkopo wa ukubwa huo ni karibu nusu milioni. Hamna.

Hilo halimaanishi hamtakuwa nayo. Anzeni mwezi huu kuishi kama watu ambao tayari wanalipa mkopo. Kodi ni 35,000; tofauti ya hapo na 79,900, pamoja na ada ya huduma, iende sako siku mshahara unapoingia. Karibu elfu hamsini kila mwezi. Mkiweza miezi kadhaa bila kuikopa tena kabla ya tarehe 20, mtakuwa mmejipima kuliko fomu yoyote ya benki, na ile akiba ya dharura itakuwa imeanza kujaa. Mkishindwa mwezi wa pili, shukuruni kwamba mmeshindwa mkiwa Donholm.

Mkopo wenyewe pia mnaweza kuutafuta vizuri zaidi. Kuna kampuni ya kufadhili mikopo ya nyumba, KMRC, iliyoanza kazi mwaka 2020. Yenyewe haimkopeshi mwananchi; huzipa benki na sako pesa za riba nafuu ili nazo zikopeshe kwa bei ya chini, kwa masharti ya kipato na ukubwa wa mkopo. Ulizeni kwenye sako yenu na kwa benki nyingine kama mnafaa. Mkopo huo huo wa milioni 6 ukipatikana kwa asilimia 9.5, malipo yanakuwa kama 62,700. Hiyo ni tofauti ya zaidi ya elfu 17 kila mwezi kwa miaka 15, na ajenti hana sababu ya kuwaambia. Kuna pia nafuu ya ushuru: tangu Desemba 2024, riba ya mkopo wa nyumba unayoishi mwenyewe, hadi 30,000 kwa mwezi, hutolewa kwenye mapato kabla ya kutozwa kodi. Kwa mshahara kama wako hiyo inaweza kukurudishia mpaka 9,000. Na kwa vile mnakatwa asilimia 1.5 ya mshahara kila mwezi kwa ajili ya nyumba za serikali, hamna hasara kujiandikisha Boma Yangu, tovuti ya kuziombea, mkaangalia zinavyotolewa, hata kama roho haiko huko.

Tuje kwenye karatasi. Hapa nitakaa, kwa sababu mshahara ukikatika unaweza kupata kazi nyingine, ila hati ikiwa mbovu hakuna kazi ya kuitibu.

Kwanza, wakili. Wakili wa kampuni ni wa kampuni. Anaweza kuwa mtu mwema, mcha Mungu, mwimbaji wa kwaya. Bado siku kampuni na nyinyi mtakapokosana atajua ni nani anayemlipa. Pesa mtakayookoa hapo ndiyo ghali kuliko zote. Tafuteni wakili wenu, mumlipe, na mumpe maswali haya.

Ardhi iliyobeba jengo ina hati moja, watu wa kazi hiyo huiita hati mama. Je, imewekwa rehani? Wajenzi wengi hujenga kwa mkopo wa benki, na ardhi ndiyo dhamana. Si kosa. Lakini kama ndivyo, nyinyi mnanunua kitu ambacho tayari kina mwenyewe wa kwanza, na kampuni ikishindwa kulipa, benki ile inaweza kuupiga mnada uwanja pamoja na lifti na roshani yako. Kinga yake ni barua ya benki hiyo inayokubali mauzo kwenu na kuahidi kuiachilia nyumba yenu mkishalipa. Barua, iliyotiwa sahihi, mkononi mwa wakili wenu kabla asilimia 10 haijatoka. Maneno ya ajenti kwamba "hiyo iko sawa" hayahesabiki. Kwa kuwa kiwanja kiko Nairobi, wakili ataanza kwa kufanya upekuzi kwenye Ardhisasa, mfumo wa kidijitali wa ardhi uliozinduliwa Aprili 2021. Rehani na zuio lolote lililosajiliwa linapaswa kuonekana hapo.

Pili, mtapewa nini mwishoni? Sheria iliyopitishwa mwaka 2020 inataka kila nyumba ya ghorofa iwe na hati yake yenyewe, pamoja na sehemu yako ya vitu vya pamoja kama ngazi, lango na kisima. Ulizeni kama ramani za jengo za kutolea hati hizo zimesajiliwa, au bado "zinashughulikiwa". Sehemu ya kwanza ilimalizika mwaka jana. Waliomo wamepata hati? Mpate hata mmoja wao, mnunulie chai, muulize. Jibu lake lina uzito kuliko kitabu chote cha picha mlichopewa Jumapili ile. Na kama uwanja ni wa kukodi kutoka serikalini, miaka mingapi imebaki?

Tatu, ardhi ilitoka wapi. Zamani watu walikuwa wanasema, mimi nimeangalia hati, nimelipa kwa nia njema, sheria itanilinda. Aprili 2023 Mahakama ya Juu iliamua kesi ya kiwanja cha ufuoni Mombasa, Dina Management dhidi ya kaunti, ikasema hati pekee haimlindi mnunuzi kama chanzo chake kilikuwa haramu, hata kama yeye hakujua. Miezi michache baadaye, Oktoba, tuliona nyumba zikibomolewa Mavoko kwenye ardhi ambayo mahakama ilishasema ni ya kampuni ya saruji, na watu wamesimama kando na karatasi walizouziwa. Kwa hiyo wakili asiishie kwenye jina la mwenye hati wa leo. Arudi nyuma: huyu aliuziwa na nani, yule aligawiwa na nani, kiwanja kilikuwa cha nini hapo mwanzo. Na kibali cha ujenzi cha kaunti kinasema ghorofa ngapi? Zihesabu zilizosimama.

Nne, asilimia 10 zenu zinaingia akaunti gani? Kawaida nzuri ni pesa hiyo kukaa kwa wakili, kama amana, mpaka mauzo yakamilike. Ikiwa mkataba unataka iingie moja kwa moja kwa kampuni, zinanunua saruji siku hiyo hiyo, na mkitaka kurudishiwa mtaambiwa mngoje mpaka nyumba ipate mnunuzi mwingine.

Lile uliloligundua kuhusu riba ya kuchelewa ni la maana. Umesoma vizuri kuliko wengi. Nyumba yenu bado haijakamilika, maana yake mnanunua ahadi. Ahadi lazima iwe na tarehe, na tarehe iwe na adhabu. Wakili aandike: wasipokabidhi kufikia mwezi fulani, wanawalipa riba ile ile wanayowadai nyinyi, na baada ya miezi fulani zaidi mna haki ya kujitoa na kurudishiwa kila senti. Kampuni iliyo sawa itabishana kidogo juu ya miezi, kisha itakubali. Ikikataa kifungu chote, umeshapata jibu lako na hukulazimika kukesha.

Kuhusu madirisha. Giza halina maana moja. Wengine hununua ili wapangishe na bado hawajapata wapangaji, wengine wako ng'ambo, wengine wanangoja Januari watoto wahame shule. Lakini madirisha yenye taa kutofika robo wakati mmeambiwa karibu zote zimeuzwa, mwombe ajenti akueleze hiyo tofauti. Na liko jambo la karibu zaidi: jengo lenye watu wachache ni watu wachache wanaolipia lifti, askari na pampu. Ada ya huduma inapanda, wengine wanaacha kulipa, lifti inasimama, na wewe unabeba mtungi wa gesi mpaka ghorofa ya sita. Omba kuona hesabu za ada ya huduma za sehemu ya kwanza. Wewe ndiye utakayezielewa. Omba na matokeo ya kupimwa kwa maji ya kisima, na uulize kama bomba la kaunti limefika hapo au linatarajiwa. Yule mzee wa lango amekupa bure habari ambayo mthamini hataiandika.

Mama mkwe ana lake. Ploti Kamulu ni njia ya watu wengi na wamefika nayo: unanunua, unachimba msingi, unapandisha chumba kwa chumba bila benki. Hati zake nazo zinataka wakili yule yule na maswali yale yale. Na wewe kila alfajiri uko barabara ya Kangundo kuelekea Industrial Area, ukirudi watoto wamelala. Kama mnaweza kulibeba hilo, lisikilizeni. Mradi mlichague kwa hesabu, msilichague kwa sababu mmeogopa Kasarani.

Sasa mume. Umeficha habari ya askari, na naelewa kwa nini, lakini kadiri unavyokaa nayo ndivyo shaka inavyoonekana ni yako peke yako na nyumba inavyokuwa yake peke yake. Mwambie. Usianze na "nina hofu", maana hapo atakutuliza tu. Mwekee karatasi yenye tarakimu hizi mezani, ile 70,000 ya riba na zile 150,000 zitakazobaki, umwachie azisome mwenyewe kwanza. Mwalimu akipewa karatasi huisahihisha, acha atafute kosa. Kisha mwende pamoja kumsalimia yule mzee. Anaposema maji mmeyavulia nguo, mwambie hamjavua nguo, mmevua viatu tu. Makofi ya jumuiya hayalipi benki, na hao hao watawapigia tena mkinunua mwaka mwingine. Na siku mtakayonunua, popote, majina yawe mawili kwenye hati, na risiti za kila mmoja zihifadhiwe. Januari 2023 Mahakama ya Juu ilieleza kwamba mali ya ndoa haigawanywi nusu kwa nusu hivi hivi, mchango wa kila mmoja hutazamwa. Silisemi kwa kumshuku mumeo. Nalisema kwa sababu sehemu kubwa ya mkopo huu italipwa na mshahara wako.

Na laki moja? Tazama kile kikaratasi cha risiti, au fomu mliyojaza, kinasemaje kuhusu kurudishiwa. Huenda ikarudi, huenda ikakatwa kidogo, huenda ikapotea. Inauma, ni zaidi ya kodi ya miezi miwili. Hata hivyo isiwaburute mpaka kwenye milioni 6. Kama majibu ya wakili yatakuja mabaya, itakuwa pesa mliyolipa kuyajua.

Majibu yakija mazuri, benki ikapatikana ya riba nafuu, na akiba ya dharura ikawa imejaa, basi nunueni bila kuomba ruhusa ya mtu, hata kama mwenzako kazini bado anangoja 2027. Hofu kidogo itabaki. Hiyo ndiyo ya kila mtu.

Ajenti akipiga simu kesho, usibishane naye kuhusu bei ya mwisho wa mwezi. Mtumie ujumbe huu, ubaki na nakala: "Habari. Tumeupeleka mkataba kwa wakili wetu. Anahitaji nakala ya hati mama, barua ya benki kama ardhi ina rehani, kibali cha ujenzi, na hesabu za ada ya huduma za sehemu ya kwanza. Tutatia sahihi akishatushauri. Kama mteja mwingine yuko tayari kabla ya hapo, tafadhali muuzie, na mtujulishe jinsi ya kurudishiwa 100,000 yetu."